SOMO LA MKULIMA: KUUOSHA UTOMVU WA MPIRA KWA DAWA YA SABUNI



Somo letu la safari hii si la mkarafuu. Ni la jirani yake, yaani mti wa mpira, ambao umepandwa Unguja huko Kichwele, na ng'ambo ya bahari huko Kihuhwi karibu na Muheza. Twajua kwamba baadhi ya wasomaji wataguna na kuuliza, "Karafuu na mpira wapi na wapi?" Tunawaomba subira, maana sababu tunazo.

Sababu ya kwanza ni kwamba wapo wenzetu wenye mikarafuu upande mmoja na mipira upande wa pili, na hao wana haki ya kupata elimu katika gazeti lao. Sababu ya pili ni kwamba hakuna nyumba visiwani isiyoguswa na jambo hili. Mkunga anayempokea mtoto wako huvaa glavu za mpira, na tabibu anayemshona mwanao aliyeanguka juu ya mkarafuu huvaa glavu hizo hizo. Sababu ya tatu, na ndiyo iliyotusukuma tushike kalamu, ni kwamba tumeulizwa kama ni kweli kuwa mgema akitia sabuni kidogo katika ndoo yake, utomvu huwa "hauna protini" na hustahili bei kubwa.

Neno hilo lina chembe ya ukweli na mzigo wa makosa. Asiyejua kuvitenga viwili hivyo aweza kuuharibu utomvu wake, au, jambo lililo baya zaidi, aweza kuwauzia watu kitu kilichopewa jina lisilo lake. Basi na tulichambue neno hili kama tunavyochambua makonyo kutoka katika karafuu.

UTOMVU NI KITU GANI

Mgema anapolikata gome la mpira kwa mshazari, hutoka majimaji meupe kama tui. Mfano huu wa tui ni mfano wa kweli. Tui ni matone madogo ya mafuta yanayoelea katika maji, na matone hayo hayaungani upesi kwa sababu yamevikwa utando ambao ndani yake mna protini. Ukiliacha tui likatulia, sehemu nzito yenye mafuta hupanda juu. Ukilichemsha bila kulikoroga, hukatika. Kila mpishi wa visiwani ayajua haya.

Utomvu nao una umbo hilo. Ukipima sehemu 100 za utomvu uliotoka mtini sasa hivi, utaona kwamba sehemu 55 hata 60 ni maji, sehemu 30 hata 40 ni mpira wenyewe, sehemu 1 hata 2 ni protini, na kiasi kama hicho ni mafuta na ulimbo. Zilizobaki ni sukari na chumvichumvi kidogo. Mpira huo umo katika chembe ndogo sana. Nyingi zina upana wa sehemu moja ya 10,000 ya milimita, na zilizo kubwa hufika sehemu chache za 1,000 ya milimita. Kila chembe imevikwa joho la protini pamoja na mafuta yenye fosfati. Joho hilo lina umeme wa namna moja, na kwa kuwa vyenye umeme wa namna moja husukumana, chembe hazigusani, na utomvu hubaki majimaji.

Mgema akitia asidi ya fomiki, au akiuacha utomvu mpaka vijidudu vikatengeneza asidi yao wenyewe, umeme ule huondoka, chembe hushikana, na utomvu huganda. Ndiyo sababu utomvu unaotakiwa kusafirishwa ukiwa majimaji hutiwa amonia mapema, kwani amonia huzuia vijidudu na huzuia uchachu.

Protini za utomvu hukaa mahali patatu, na twaomba msomaji akumbuke hapa kwa sababu somo lote lategemea jambo hili. Baadhi zimeyeyuka katika maji. Baadhi zimo katika vifuko vidogo vilivyo vizito kuliko mpira, ambavyo wataalamu huviita lutoidi. Na baadhi zimeshikamana na chembe za mpira zenyewe, katika lile joho. Tena protini hizi si uchafu. Ni dawa za mti. Ile iliyo nyingi katika vifuko husaidia kuliziba jeraha la gome na kuzuia ukungu. Mti hautoi utomvu kwa ajili ya glavu zetu. Huutoa ili ujitibu.

UBAYA WA PROTINI KWA BINADAMU

Kwa gurudumu la gari protini hizi hazina neno. Taabu yaanza mpira unapogusa mwili wa binadamu siku baada ya siku.

Mnamo 1979 tabibu mmoja wa Uingereza, A. F. Nutter, aliandika habari za mgonjwa aliyevimba na kuwashwa mikono kwa sababu ya glavu za mpira. Wakati ule jambo hili lilionekana kuwa la nadra. Lakini katika miaka ya 1980 ulizuka ugonjwa wa ukimwi, na kuanzia 1987 wauguzi wa Marekani walitakiwa kujikinga na damu ya kila mgonjwa. Glavu zikatumika kwa wingi usiopata kuonekana, viwanda vikakimbizana kuzitengeneza, na nyingine ziliuzwa bila ya kuoshwa vizuri. Wengi walianza kuumwa. Wengine waliwashwa ngozi, wengine walikohoa na kubanwa pumzi, na wachache walizimia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilikwisha pokea habari za madhara zaidi ya 1,000, pamoja na vifo 15, na ilitoa onyo mwaka 1991. Walioumia zaidi walikuwa wauguzi, na watoto waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, ambao hupasuliwa mara nyingi tangu uchanga na kwa hiyo hukutana na mpira mapema.

Unga wa mahindi uliotiwa ndani ya glavu ili zivalike kwa urahisi ulizidisha balaa. Protini hushikamana na unga, unga hupeperuka mtu anapovua glavu, na aliye karibu huvuta protini kwa pua. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku glavu za unga za matibabu kuanzia Januari 2017.

Hapa twapenda kutaja jambo linalofaa kila nyumba. Mtu ambaye mwili wake umekwisha chukizwa na protini za mpira aweza pia kudhuriwa na baadhi ya matunda, kwa kuwa yana protini zinazofanana nazo. Miongoni mwa matunda hayo ni ndizi, parachichi na papai. Anayewashwa mdomo kwa ndizi, tena huvimba midomo anapopuliza puto, na amwambie tabibu kabla ya kupasuliwa au kung'olewa jino. Neno hilo moja laweza kuokoa roho.

KWA NINI MAJI MATUPU HAYATOSHI

Msomaji atasema, "Kama tatizo ni protini, si utomvu uoshwe kwa maji?" Swali hili ni jema, na kwa nusu yake jibu ni ndiyo.

Mpira ni mwepesi kidogo kuliko maji. Utomvu ukizungushwa kwa kasi kubwa ndani ya mashine, mfano wa ile inayotenga malai na maziwa, mpira hukusanyika upande mmoja kama malai, na maji hutoka upande mwingine pamoja na protini zilizoyeyuka ndani yake. Viwanda hufanya hivyo kila siku. Malai yanayopatikana huwa na mpira kama sehemu 60 katika 100, na ndiyo yanayouzwa kwa watengeneza glavu. Maji yaliyotengwa hubaki na mpira kidogo na protini nyingi.

Ukiyachanganya malai na maji mapya na kuyazungusha tena, utapunguza protini za majini mara ya pili. Hebu tuchukue hesabu ndogo kwa mfano tu. Tuseme maji ya utomvu yana gramu 10 za protini, na kila safari tunamwaga sehemu tisa katika kumi za maji na kurudishia maji safi. Baada ya safari ya kwanza itabaki gramu 1. Baada ya pili, sehemu moja ya kumi ya gramu. Baada ya tatu, sehemu moja ya mia. Hii ndiyo faida ya kuosha mara nyingi kwa kiasi kidogo kidogo, na mama anayesuuza mchele aijua bila ya kwenda skuli.

Lakini hesabu hiyo ni ya protini za majini peke yake. Zile zilizoshikamana na chembe hazimo katika hesabu. Utasuuza mara kumi, nazo zitapanda juu pamoja na mpira, kwa kuwa ndizo joho lake. Ni kama kutaka kutoa mafuta kwenye sufuria ya samaki kwa maji baridi. Maji hupita, na mafuta hubaki.

KAZI YA DAWA YA SABUNI

Hapo ndipo inapoingia dawa ambayo wataalamu huiita safaktanti, na sisi tutaiita dawa ya sabuni. Kila kipande chake kina ncha mbili. Ncha moja hupenda maji, na mkia wake mrefu hupenda mafuta. Ukiitia katika sufuria ya samaki, mikia huingia katika mafuta, vichwa hubaki majini, na mafuta hubebwa.

Inayotumiwa zaidi katika kazi hii ni sodiamu dodesili salfeti, ambayo pia huitwa sodiamu lauri salfeti. Jina ni gumu, lakini asili yake haiko mbali nasi. Asidi ya lauri ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, na kutokana na mafuta ya nazi au ya kiini cha mchikichi viwanda hutengeneza dawa hii.

Katika utomvu dawa hii hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, hujipenyeza katika protini iliyokunjika kama kamba yenye fundo, na kuikunjua. Protini iliyokunjuliwa hupoteza mshiko wake. Pili, hukaa mahali pa protini juu ya chembe ya mpira. Tatu, kwa kuwa kichwa chake kina umeme wa namna ile ile, chembe huendelea kusukumana, na utomvu hauigandi ijapokuwa joho lake la asili limevuliwa. Kazi hii ya tatu ni muhimu kabisa. Kumvua mtu kanzu bila ya kumpa nyingine ni kumwaibisha. Dawa ya sabuni huivua kanzu moja na kuivika nyingine.

Je, sabuni ya mche ya nyumbani haifai? Hapana, na sababu yake mnaijua. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Sabuni ya mche katika maji hayo haitoi povu, bali hufanya utando mzito. Chokaa hiyo hiyo huudhoofisha utomvu ukaanza kufanya madonge. Kwa hiyo kazi hii hutaka dawa isiyoshindwa upesi na maji ya chokaa, pamoja na maji yaliyosafishwa.

HATUA ZA KAZI

Njia tutakayoieleza ni ya chumba cha wataalamu. Twaieleza ili wanachama waelewe, si ili waifanye uani.

Mwaka 2004 Seiichi Kawahara na wenziwe wa Nagaoka, Japani, walieleza njia inayotumia dawa ya sabuni pamoja na yurea. Yurea ndiyo ile tunayoinunua katika magunia ya mbolea, ingawa ya wataalamu ni safi zaidi. Kazi yake hapa si kurutubisha. Hulegeza vifungo vidogo vinavyoishika protini katika mkunjo wake, ili dawa ya sabuni ipate njia.

1. Huchukuliwa utomvu mzito uliohifadhiwa kwa amonia, ukazimuliwa mpaka mpira uwe sehemu kama 30 katika 100.

2. Hutiwa yurea kiasi cha sehemu moja ya kumi katika 100, na dawa ya sabuni sehemu 1 katika 100. Hukorogwa polepole kwa saa moja, katika joto la digrii 30, yaani joto la mchana wetu wa kawaida.

3. Huzungushwa katika mashine kwa nguvu ipatayo mara 10,000 ya uzito wa kawaida. Malai ya mpira hupanda, na protini hubaki katika maji ya chini.

4. Malai hukusanywa, hutiwa katika maji mapya yenye dawa ya sabuni, hukorogwa na kuzungushwa tena. Kazi hii hurudiwa mara mbili.

5. Mwishoni mpira hupimwa.

Kabla ya njia hii wataalamu walitegemea zaidi vimeng'enya, yaani vitu vinavyokatakata protini. Kimoja cha namna hiyo ni papaini, iliyomo katika utomvu wa papai bichi. Mabibi zetu hulipaka papai bichi kwenye nyama ngumu ili ilainike, na siri yake ni hiyo. Vimeng'enya hufanya kazi nzuri, lakini huchukua saa 12 hata 24, na vyenyewe ni protini, kwa hiyo havina budi kuoshwa navyo. Hata baada ya vimeng'enya, vipande vilivyokatwa huondolewa kwa dawa ya sabuni na mashine.

Msomaji na aangalie vizuri: katika njia zote hizo, dawa hulegeza, na mashine hutenga. Dawa peke yake haiondoi kitu. Protini iliyong'olewa katika chembe na kuachwa ndani ya ndoo ile ile, imo bado ndani ya ndoo. Tena sasa imeyeyuka, nayo hutoka kwa urahisi zaidi kuliko zamani ikakutana na ngozi ya mvaaji. Hili ndilo jibu la swali tulilotangulia kuulizwa. Anayetia sabuni ndooni na kuuza hajapunguza protini hata punje moja. Amemsumbua mnunuzi wake, basi.

JINSI YA KUPIMA

Karafuu twaijua kwa jicho, kwa pua na kwa kuivunja. Protini haionekani kwa jicho, hivyo yataka kipimo.

Mpira safi umejengwa kwa kaboni na haidrojeni tu, hauna naitrojeni. Protini ina naitrojeni. Basi ukipima naitrojeni, wapata kukisia protini. Njia ya kupima naitrojeni ilibuniwa na Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, na yatumika hata leo. Hesabu yake ni kuzidisha naitrojeni kwa 6.25. Katika kazi ile ya Nagaoka, naitrojeni ilishuka kutoka kama sehemu 0.38 katika 100 hata 0.02. Ukizidisha, utaona kwamba protini imeshuka kutoka kama sehemu 2.4 katika 100 hata kama sehemu 0.13.

Lakini kuna mtego hapa. Yurea ina naitrojeni, na amonia pia. Zisipooshwa zikaisha, kipimo kitasema kuna protini ilhali hakuna. Vipimo vingine, kama kile cha Oliver Lowry cha mwaka 1951 kinachotazama rangi ya buluu, huvurugwa na baadhi ya dawa zilizobaki, pamoja na dawa za sabuni. Kwa hiyo wapimaji wa glavu hutakiwa kwanza kuigandisha protini na kuitenga na dawa hizo, ndipo waipime. Kanuni ya Marekani ya glavu za uchunguzi imeweka mpaka wa maikrogramu 200 za protini inayotoka kwa maji, katika kila desimita moja ya mraba ya glavu.

FAIDA NA HASARA ZAKE

Hakuna kazi isiyo na faida na hasara. Mpira uliotolewa protini hunywa maji kidogo, rangi yake ni nyeupe zaidi, na harufu yake ni ndogo. Wafaa katika vifaa vya hospitali na katika vyombo visivyotakiwa kufyonza unyevu.

Upande wa pili, protini zina mchango wake katika nguvu ya mpira, hasa kabla haujapikwa kwa salfa. Zikiondolewa, mpira mbichi hulegea. Pamoja nazo huondoka baadhi ya vitu vya asili vinavyoukinga mpira usichakae, na mtengenezaji hana budi kutia vingine. Chembe ndogo ndogo za mpira hupotea na maji ya kuoshea. Povu jingi huleta mapovu katika utomvu, na povu moja katika glavu ni tundu moja. Dawa ya sabuni yenyewe, ikibaki katika glavu, huwasha ngozi. Na maji machafu ya kazi hii, yenye protini, dawa na amonia, hayafai kumwagwa mtoni wala karibu na kisima. Kwa sababu ya gharama hizi viwanda vingi vya glavu hupendelea kuziosha glavu zenyewe kwa maji ya moto, mara moja zikiwa mbichi na mara nyingine zikiisha kupikwa. Kuosha huko huondoa sehemu kubwa ya protini zinazoweza kutoka.

Tena tusidanganyane kwa maneno. "Protini kidogo" si "bila protini". Tangu Septemba 1998 Marekani imekataza kuandika juu ya vifaa vya matibabu vyenye mpira wa asili neno lolote la kuwaaminisha watu kwamba havileti mzio. Glavu iliyooshwa vizuri humpunguzia mzima hatari ya kuanza kuumwa, lakini aliyekwisha kuumwa hana budi kuepuka mpira wa mti kabisa na kuvaa glavu za naitrili au vitu vingine. Pia wapo wanaowashwa mikono kwa sababu ya dawa za kupikia mpira, wala si protini. Hao kuoshwa kwa utomvu hakuwasaidii neno. Tabibu ndiye mwenye kupambanua.

MGEMA WA VISIWANI AFANYE NINI

Kwa mwenye mipira yake michache, anayegandisha na kuuza mpira mkavu kwa ajili ya magurudumu na viatu, kuosha protini ni kazi bure. Mnunuzi wake haitaki kazi hiyo, wala hatailipia. Faida yake imo katika mambo manne ya kawaida.

Kwanza, vikombe na ndoo zioshwe kila siku na kukaushwa. Pili, utomvu uchujwe kabla ya kugandishwa, ili magome na majani yasiingie. Tatu, asidi ipimwe, isikisiwe kwa macho. Nne, asitie maji kuongeza ujazo, wala sabuni, wala kitu chochote ambacho mnunuzi hakukijua.

Na kama siku moja atatokea mnunuzi wa utomvu wa majimaji kwa ajili ya glavu, basi atake amonia itiwe mapema na kwa kipimo chake, na kazi ya kuosha aifanye yeye mwenye mashine na chumba cha kupimia. Anayeshika amonia na asimame upande upepo unakotoka, afunike macho, na asiifungue chupa ndani ya nyumba.

Wahenga walisema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Sisi wa karafuu twaifahamu methali hii kwa uchungu. Gunia moja lililochanganywa makonyo huharibu jina la wakulima wote, waaminifu pamoja na wadanganyifu. Katika utomvu deni ni kubwa zaidi, maana mwisho wa safari yake si chungu cha mpishi peke yake. Ni mkono wa mkunga, na mwili wa mtoto ambaye hawezi kusema wapi panamwasha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Protini za utomvu hukaa mahali pangapi, na ni zipi zisizoondoka kwa maji matupu?

2. Eleza kazi tatu za dawa ya sabuni katika utomvu.

3. Kwa nini sabuni ya mche na maji ya kisima cha matumbawe havifai?

4. Mtu ametia dawa ya sabuni katika ndoo ya utomvu na kuikoroga saa nzima, kisha akauza bila ya kuizungusha. Protini imepungua kiasi gani? Toa sababu.

5. Mpimaji amekuta naitrojeni nyingi katika mpira uliooshwa kwa yurea. Kabla ya kusema kazi imeharibika, atazame nini?

Twawashauri wanachama wayajibu maswali haya kwa pamoja matawini, na mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua. Anayepata shida katika swali la nne na arudie habari za hatua za kazi, kwani swali hilo ndilo somo lenyewe.